Mwongozo kamili wa kutoa madoa kwa kiyeyushi sahihi: biriani, wino, grisi, kutu na lami

Siku moja ya Idi, tonge la biriani lilimponyoka mjomba wangu likatua kifuani, kwenye kanzu nyeupe. Doa lilikuwa dogo, la manjano, halizidi ukubwa wa sarafu. Mimi mwalimu wa kemia nikajitolea. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche na maji kidogo, nikasugua mara mbili tatu, doa likageuka jekundu kama mate ya mla tambuu. Mjomba aliinamisha kichwa, akalitazama, akasema taratibu, "Mwalimu, ndivyo mnavyofundishana huko?" Wageni wakacheka. Mimi nikaomba spiriti.

Rangi ya bizari ya manjano inaitwa kurkumini. Kwenye maji haimumunyuki ila kidogo sana, lakini kwenye alkoholi inakwenda vizuri. Ikigusana na alkali, na sabuni ya mche ina alkali, molekuli zake hupoteza protoni na rangi hugeuka nyekundu. Kwa hiyo nilikosea mara mbili kwa mkono mmoja. Nilichukua kiyeyushi kisichopatana na doa, halafu nikalitia doa lenyewe kitu cha kulibadili. Tangu siku hiyo sigusi nguo ya mtu kabla ya kujiuliza nani ameshikana na nani.

Maana doa si uchafu uliokaa tu. Doa limeshikana na uzi. Ukileta kiyeyushi unaleta mtu wa tatu, naye ana kazi tatu: apenye hadi lilipo doa, alivute kuliko uzi unavyolivuta, kisha aondoke nalo. Akishindwa moja tu, utasugua hadi kitambaa kichanike.

Vitu vya kuwa navyo

Spiriti ya dukani, asetoni (dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha, lakini soma lebo kwa sababu nyingine hazina asetoni kabisa), mafuta ya taa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndimu, magadi ya kupikia maharage, pamba, na vitambaa vyeupe vilivyochakaa. Magadi ninayosema si kostiki. Kostiki inaunguza ngozi, haina kazi hapa.

Petroli usiitumie. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Asetoni ni takriban nyuzi 20 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huanza juu ya nyuzi 38. Ndiyo maana chupa ya asetoni iliyofunguliwa jikoni ni hatari hata kama jiko la mkaa liko mita kadhaa: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kulifuata jiko. Fanya kazi uani, penye upepo. Na jiki usiichanganye na chochote katika orodha hii. Jiki na ndimu hutoa gesi ya klorini. Jiki na spiriti au asetoni huweza kuzaa klorofomu.

Hatua ya 1: Kijue kitambaa

Pamba, poliesta na nailoni huvumilia asetoni. Asetati haivumilii, inamumunyuka mbele ya macho yako kama sukari kwenye chai. Vifungo vya plastiki, shanga na nakshi za kubandika nazo usiziamini. Weka tone moja kwenye pindo la ndani, subiri dakika 5, bonyeza na pamba nyeupe. Rangi ya nguo ikihamia kwenye pamba, achana na kiyeyushi hicho.

Na hapa kuna kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: kuilowesha nguo kwanza. Nyuzi za pamba hunywa maji na kuvimba. Maji yakishajaza vinafasi vyake, mafuta ya taa hayana pa kupita, kwa kuwa hayawezi kuyasukuma maji yaliyokwisha kaa. Kama unashuku doa lina mafuta, nguo ibaki kavu mpaka kiyeyushi cha mafuta kimalize kazi.

Hatua ya 2: Jaribio la matone matatu

Chukua vipande vitatu vya pamba. Kimoja kichovye mafuta ya taa, kingine spiriti, cha tatu maji. Bonyeza kila kimoja kwenye ukingo wa doa, mahali tofauti, kwa utaratibu huohuo, ukihesabu hadi 20. Usisugue. Kisha vigeuze uvitazame: kilichobeba rangi nyingi ndicho kinachopatana na doa.

Jaribio hili dogo linapima jambo kubwa. Molekuli ya maji ina ncha mbili za umeme: upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, upande wa hidrojeni chanya kidogo. Kwa hiyo molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikiweza kushika mikono ya jirani hadi wanne. Sukari inaingia katika mshikamano huo kwa sababu nayo ina mikono ya kushika. Mafuta hayana. Watu husema mafuta yanayachukia maji, lakini si chuki. Molekuli ya mafuta ikijipenyeza, maji yanayoizunguka yanalazimika kujipanga upya ili yasipoteze mikono yao, na mpangilio huo unayanyima uhuru. Maji ndiyo yanayoisukuma nje.

Kipimo kimoja kinachosaidia kupanga viyeyushi ni jinsi kila kiyeyushi kinavyodhoofisha mvutano wa chaji mbili zilizomo ndani yake. Maji huudhoofisha kama mara 80. Ethanoli, ambayo ndiyo kiini cha spiriti, mara 24 au 25. Asetoni 21 hivi. Mafuta ya taa hayazidi mara 2 na kidogo. Ukiwa na namba hizi kichwani unaelewa kwa nini spiriti ni ya kati: upande mmoja inashikana na maji, upande mwingine ina mkia mfupi wa kaboni unaoweza kukaa na rangi za mimea na wino.

Neno letu "kuyeyuka" linatuchanganya hapa. Barafu inayeyuka kwa joto, na tunasema sukari nayo "inayeyuka" kwenye chai, ilhali ni mambo mawili. Sukari kwenye chai haijageuka kimiminika. Imemumunyuliwa, kama pipi mdomoni, molekuli mojamoja ikizungukwa na maji. Kwa hiyo napenda zaidi kusema doa linamumunyuka.

Hatua ya 3: Kulitoa, kidogokidogo

Kunja kitambaa cheupe kikavu mara nne, kiweke chini. Lifudikize doa juu yake, yaani uso wenye doa uangalie chini. Dondosha kiyeyushi kwa upande wa nyuma ili kisukume doa litoke lilikoingilia. Anza ukingoni uelekee katikati. Kila rangi inapohamia kwenye kitambaa cha chini, sogeza sehemu safi.

Usimwage kingi mara moja. Hesabu ni hii. Tuseme nguo inabaki na mililita 20 za kimiminika hata ukiikamua. Ukiisuuza mara moja kwa mililita 100, doa linagawanyika katika mililita 120, na kwenye nguo kunabaki 20 kati ya 120, karibu asilimia 17. Chukua mililita 100 zilezile uzigawe mara tano, 20 kwa 20, ukikamua kila mara. Kila mzunguko unabakiza nusu. Baada ya mizunguko mitano kinabaki kimoja kati ya 32, kama asilimia 3. Kiyeyushi ni kilekile, kiasi ni kilekile. Mama zetu wanaosuuza kwa maji matatu machache badala ya beseni moja kubwa walikuwa kwenye hesabu hii siku nyingi.

Halafu kuna lile duara linalobaki baada ya doa kutoka, ambalo mara nyingine ni baya kuliko doa lenyewe. Tone likikauka, ukingo hukauka upesi zaidi, na kimiminika cha katikati hutiririka kwenda kufidia, kikibeba chembe zote pembeni. Ndiyo pete unayoiona chini ya kikombe cha kahawa. Mwaka 1997 watafiti walieleza katika jarida la Nature jinsi mtiririko huo unavyofanya kazi. Dawa yake ni kutoliacha tone likauke lenyewe: likaushe kwa pamba kavu kuanzia nje, au lainisha ukingo kwa pamba yenye unyevu mdogo wa kiyeyushi hichohicho ukififisha kuelekea nje.

Hatua ya 4: Kupenya uso

Chukua jani la magimbi, dondosha maji. Yanajikunja kuwa vidonge vinavyobiringika. Sasa dondosha spiriti mahali pengine: inatandaa. Maji yana mvutano wa uso wa karibu milinyutoni 73 kwa mita kwenye nyuzi 20. Ethanoli ina 22 tu. Thomas Young alieleza mwaka 1805 kwamba pembe ambayo tone linafanya na uso inatokana na mizania ya mivutano: ya kimiminika chenyewe, ya uso mkavu, na ya pale vinapogusana. Kitambaa kipya chenye wanga au nguo yenye grisi ni kama lile jani. Maji yatakaa juu yakikutazama.

Hapo ndipo sabuni inapoingia. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Zinajipanga kwenye uso wa maji, vichwa ndani mikia nje, na mvutano unashuka hadi karibu 30. Zikizidi, hazina tena nafasi juu, zinakusanyika ndani kuwa vifurushi viitwavyo miseli, mikia ndani vichwa nje, na mafuta huhifadhiwa humo. Kwa sabuni moja ya maabara inayopendwa sana, sodiamu dodesili salfeti, vifurushi huanza kujengeka kwenye gramu 2.4 hivi kwa lita. Zaidi ya kiwango hicho mvutano haushuki tena. Unaongeza vifurushi tu, na kazi ya kusuuza.

Aliyefungua njia ya kupima nyuso hizi hakuwa profesa. Agnes Pockels alikuwa binti wa Braunschweig, Ujerumani, anayetunza wazazi na kuosha vyombo. Chuo kikuu wakati huo hakikuwapokea wanawake. Alitengeneza chombo chake cha kupimia utando wa mafuta juu ya maji, akamwandikia barua Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, na barua hiyo ikachapishwa katika Nature mwaka 1891. Nikiona mtu anadharau maji ya vyombo humkumbuka.

Hatua ya 5: Maji yako yana nini?

Watu wa Dar es Salaam wanaotumia maji ya kisima wanajua: unapaka sabuni, povu halitoki, beseni linajaa utando mweupe. Ni ioni, yaani chembe zenye chaji, za kalsiamu na magnesiamu. Ioni ya kalsiamu ina chaji mbili chanya, hushika vichwa viwili vya sabuni kwa wakati mmoja, na kitu kinachozaliwa hapo maji hayakitaki tena, kinazama na kunata kwenye nguo. Utaongeza sabuni, nayo italiwa vilevile.

Pima hivi. Tia maji ya kisima nusu chupa, maji ya mvua nusu chupa nyingine. Kwenye kila moja weka chembe za sabuni ya mche za ukubwa sawa, tikisa mara 20. Linganisha povu.

Yakiwa magumu, magadi yanasaidia, kwa sababu kaboneti iliyomo huishika kalsiamu ikawa chokaa inayozama. Kadirio ni hili: kama lita moja ina ugumu wa miligramu 300 ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, ndoo ya lita 10 ina gramu 3, na hizo zinahitaji gramu 3.2 za sodiamu kaboneti. Magadi safi kwa uzito ni kama nusu tu kaboneti hiyo, kwa hiyo tia gramu 7, kijiko cha chai kimoja na nusu. Koroga, acha itulie hadi maji yang'ae, chota ya juu. Hariri na sufu usizifue kwa maji haya. Doa la bizari nalo litageuka jekundu tena, nimekwisha kukuonya.

Kuna sehemu ya pili ambayo wengi hawaijui. Udongo mwekundu haumumunyuki kwenye kitu chochote ulicho nacho nyumbani. Ni chembe za mfinyanzi, na ndani ya maji zina chaji hasi usoni, kama nyuzi za pamba. Hasi na hasi zinasukumana, na hilo ndilo tunalolitaka. Lakini kalsiamu inakaa katikati kama mshenga, mkono mmoja kwenye uzi, mwingine kwenye udongo. Isitoshe, maji yenye chumvi nyingi hulizungushia kila chembe wingu la chaji chanya, ule msukumano unafifia, na uchafu uliokwisha toka unarudi kukaa. Shati jeupe linakuwa la kijivu mwezi baada ya mwezi na watu wanalaumu sabuni. Udongo uache ukauke, ukung'ute, kisha fua kwa maji uliyoyalainisha, na maji ya mwisho ya kusuuza yawe bora kuliko yote uliyo nayo.

Chumvi ya kawaida inaonyesha nguvu ya maji kwa ioni. Mililita 100 za maji hubeba gramu 36 za chumvi. Ethanoli kiasi hicho haibebi hata moja ya kumi ya gramu. Kila ioni ya sodiamu inavaa joho la molekuli tano sita za maji, oksijeni zikiielekea, na hilo joho ndilo linalolipia gharama ya kuivunja fuwele. Kwa hiyo ile mistari myeupe ya jasho kwenye kola, spiriti na mafuta ya taa haviiwezi. Maji tu.

Kutu nayo ni habari ya ioni. Oksidi ya chuma haikubali maji peke yake. Ndimu ina asidi ya sitriki: asidi inavunja oksidi, na sitrati inaikumbatia ioni ya chuma isirudi kunata. Paka maji ya ndimu na chumvi, anika juani saa moja, suuza, rudia. Jiki kwenye kutu hulikaza doa.

Madoa yanayoulizwa sana

Wino wa kalamu: spiriti kwanza, mara nyingi, kwa mtindo wa hatua ya 3. Maji yanausambaza tu.

Grisi ya mnyororo na lami: mafuta ya taa kwenye nguo kavu. Hapa ngazi ni muhimu. Mafuta ya taa hayashikani na maji, kwa hiyo ukiruka moja kwa moja kwenye maji utayaacha ndani ya nyuzi pamoja na harufu. Yafuatishe na sabuni ya vyombo bila maji, sugua kwa vidole, ndipo uongeze maji.

Damu: maji baridi. Joto hukunjua protini, sehemu zake zinazokimbia maji zikatokea nje na kunata kwenye uzi. Ukishaitia maji ya moto, umeipika.

Rangi ya kucha: asetoni, isipokuwa nguo ya asetati. Kiini chake mara nyingi ni nitroselulosi, na kina kisa kizuri. Etha peke yake haiimumunyui vizuri, ethanoli peke yake pia, lakini ukizichanganya inakwenda. Charles Hansen mwaka 1967 alieleza mambo ya namna hii kwa kukipa kila kiyeyushi namba tatu: mvutano wa kawaida, wa ncha za umeme, na wa mikono ya hidrojeni. Ethanoli ni 15.8, 8.8 na 19.4, asetoni 15.5, 10.4 na 7.0, heksani, ndugu wa mafuta ya taa, 14.9, 0 na 0. Kinachokaribiana na doa katika zote tatu ndicho kinachofaa, na mchanganyiko unaweza kusogea mahali ambapo hakuna kiyeyushi kimoja kilichopo. Thina ya fundi rangi imetengenezwa kwa fikra hiyo. Mvuke wake ni sumu, sikushauri uivute chumbani kwa ajili ya doa.

Rangi ya mafuta: ikiwa mbichi, mafuta ya taa au thina. Ikikauka siku kadhaa, molekuli zake zimefungana kuwa wavu mmoja mkubwa. Kiyeyushi kitauvimbisha wavu, hakitaufungua. Ibandue ikiwa imevimba.

Biriani: nguo ikiwa kavu, sabuni ya vyombo kidogo kwa mafuta, hakikisha si ya alkali, suuza, kausha. Kisha spiriti mara tano sita. Kivuli cha njano kinachobaki kipe jua, kwa kuwa mwanga huvunja kurkumini. Likishageuka jekundu usiogope, tone la ndimu litalirudisha manjano, uanze upya. Kanzu ya mjomba ilikaa kambani siku mbili.

Utomvu wa ndizi: ukiwa mbichi, wahi kwa sabuni ya vyombo na spiriti. Ukishakuwa mweusi, umekwisha kuungana na oksijeni ukawa kitu kingine, umefungana na uzi kwa vifungo vya kikemia, na hakuna kiyeyushi cha kuvifungua bila kula uzi wenyewe. Mwambie mwenye shati ukweli, alivae shambani.